Mtoto Hurithi Mwendo wa Mzazi, Harithi Sifa Zake za Kale

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w., na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu, katika darsa yetu iliyopita aliinuka ndugu mmoja akauliza swali. Alisema: "Sheikh, mimi katika ujana wangu nilikuwa mchezaji mpira, na mji mzima wanijua. Leo nina mwanangu wa miaka mitano, na hakimbii hatua ishirini ila hutweta, akakaa chini akataka maji. Je, damu yangu imekwenda wapi?"

Watu waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lilinigusa mahali nitakapopataja baadaye katika somo hili. Nilimwahidi kuwa nitamjibu kwa maandishi, ili wanufaike na wale wasiokuwapo. Na jawabu yangu kwa ufupi ni hii: damu yako haikwenda popote. Lakini mtoto mdogo haoni damu; huona miguu. Huiona miguu ya baba yake ilipo leo, wala hana khabari ya ilipokuwa miaka ishirini iliyopita. Sasa na tulifafanue jambo hili.

ASILI YAKE KATIKA DINI YETU

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba Mtume s.a.w. aliwapitia watu wa kabila la Aslam nao wanashindana kutupa mishale. Akawahimiza waendelee, na akawakumbusha kuwa wao ni kizazi cha Nabii Ismail a.s., na kwamba baba yao huyo alikuwa mtupaji mishale. Kisha akajitia upande wa kundi moja katika yale makundi mawili. Mara wale wa kundi la pili wakaizuia mikono yao. Alipowauliza sababu, walijibu kuwa hawawezi kushindana na kundi ambalo yeye yumo. Hapo akawaambia watupe, naye yu pamoja nao wote.

Tazameni, ndugu zangu, ni mafunzo mangapi yamo katika kisa hiki kifupi.

Kwanza, Mtume s.a.w. alikiri kuwa ujuzi wa mzazi una nguvu katika nafsi ya mtoto. Kumkumbusha mtu kuwa baba yake alikuwa hodari wa jambo fulani ni kumtia moyo na yeye alifanye.

Pili, hakuwaambia kuwa yawatosha baba yao kuwa mtupaji. Hakuwaambia wakae wajisifu kwa nasaba. Aliwaambia watupe. Sifa ya mzazi ilitajwa ili iwe ni sababu ya kitendo, wala si badala ya kitendo.

Tatu, yeye mwenyewe alisimama pale, akajiunga, na kila kundi likamtaka awe wake. Hapana mchezo unaompendeza mtoto kama ule ambao mkubwa anayempenda yumo ndani yake.

Na si kisa hicho peke yake. Imepokewa vile vile katika Bukhari kuwa Mtume s.a.w. alishindanisha farasi. Wale waliokwisha kuandaliwa na kukondeshwa kwa mbio aliwapa masafa ya kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, nayo ni kama maili 5 au 6. Na wale ambao hawakuandaliwa aliwapa masafa ya kutoka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, nayo ni kama maili 1. Abdallah bin Umar r.a. alikuwa mmoja wa walioshindana. Basi jueni kutokana na haya kuwa hata farasi wa asili njema huhitaji kuandaliwa, na kwamba kila kiumbe hupewa masafa yake kwa kadiri ya maandalizi yake. Jambo hili mliweke akilini, kwani tutalirejea.

Imepokewa pia na Abu Daud kuwa alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha r.a., akashindwa, na baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa amezidi mwili, wakashindana tena akamshinda, na akamfanyia mzaha kuwa mara hii ni malipo ya ile ya kwanza. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye mzigo wa umma mzima juu ya mabega yake, na haikumpunguzia heshima kupiga mbio na mkewe. Sasa sisi ambao hatuna hata sehemu ndogo ya mzigo ule, heshima gani hiyo tunayoichelea?

WALIYOYAPIMA WATAALAMU

Pengine atasema mtu: "Hayo ni mambo ya fadhila, je, ni kweli kwamba mwenendo wa mzazi huathiri mwili wa mtoto mdogo?" Jambo hili limepimwa, wala halikuachwa kuwa dhana tupu.

Huko Marekani, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wataalamu waliwachukua watoto 100 wa umri wa miaka 4 mpaka 7, pamoja na wazazi wao. Wakawavisha chombo kidogo kinachohesabu mwendo wa mwili, wakawa wanakivaa mchana kutwa kwa siku kadhaa. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1991. Walikuta kuwa mtoto ambaye mama yake ni mtu wa harakati, uwezekano wake wa kuwa na harakati ulikuwa mara 2 ya yule ambaye mama yake si mtu wa harakati. Mtoto ambaye baba yake ni mtu wa harakati, ulikuwa mara 3 na nusu. Na mtoto ambaye wazazi wake wote wawili ni watu wa harakati, ulikaribia mara 6.

Yatupasa tuwe waadilifu katika kuitumia elimu. Watoto 100 wa mji mmoja si watoto wote wa dunia. Tena hesabu ya namna hii huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala haitoshi peke yake kuwa hoja ya kukata kwamba hili ndilo lililozaa lile. Lakini inaafikiana na tunayoyaona kwa macho yetu majumbani mwetu, na ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu sana.

La kwanza ni kuwa kile chombo hakikupima vikombe vilivyomo kabatini, wala picha zilizotundikwa ukutani. Kilipima mwendo wa mzazi katika siku zile zile alizokuwa amekivaa. Mtu aliyekuwa bingwa zamani na leo yuaketi kutwa, chombo kile humwandika kuwa ni mwenye kuketi. Na mwanamke ambaye hakupata kuingia uwanja wowote maishani mwake, lakini huenda sokoni kwa miguu na kupanda ngazi na kufanya kazi zake kwa bidii, chombo kile humwandika kuwa ni mtu wa harakati. Basi asikate tamaa mzazi ambaye hakucheza mchezo wowote, wala asighurike yule aliyecheza.

La pili ni hilo la baba. Wengi wetu twadhani kuwa malezi ya mtoto mdogo ni kazi ya mama peke yake, na baba ataingia atakapofika umri wa kuonywa na kufundishwa kazi. Hesabu hii yasema kinyume chake. Baba anayetembea, anayecheza, anayeogelea mbele ya mwanawe wa miaka mitano, ana athari kubwa, na athari hiyo hupotea bure akiwa kila jioni yuko barazani mpaka mtoto amelala.

NJIA NNE ZA KURITHISHA

Huenda ukauliza: kwa njia gani mzazi aliyezoea michezo humrithisha mtoto wake afya? Ukizingatia utaona njia zenyewe ni nne.

Njia ya kwanza ni maumbile. Hapana shaka kuwa kimo, upana wa mifupa, na baadhi ya nguvu za moyo na mapafu huwa na asili katika wazazi. Hii ni atia ya Mwenyezi Mungu, wala hapana anayeichagua. Lakini ni kama ile mbegu njema. Isipotiwa maji haioti.

Njia ya pili ni kuona. Mtoto mdogo ni mwigaji. Kabla hajajua kusema vizuri huvaa viatu vya baba yake, na hutandika mswala karibu ya mama yake akasujudu asijue hata anachokisema. Hakuna aliyemwamrisha, ameona tu. Vivyo hivyo akimwona mzazi wake hutoka baada ya sala ya alfajiri akatembea, hujua kuwa watu wazima hutembea. Na akimwona hulala na simu mkononi, hujua kuwa watu wazima hulala na simu mkononi.

Njia ya tatu ni kuwezeshwa. Mzazi aliyecheza hujua ni saa ngapi maji yajaa na saa ngapi yapwa, ni uwanja gani una vigae na ni upi salama, mtoto anywe maji wakati gani, na apumzike lini. Haogopi mtoto kuchubuka goti, kwa kuwa goti lake mwenyewe lilichubuka likapona. Mzazi asiyepata kucheza mara nyingi husema "utaanguka", "utachafuka", "utapata homa", mpaka mtoto akaona kuwa salama yote imo katika kuketi.

Njia ya nne ni kanuni za nyumba. Mchezaji hujua kuwa mwili hauendi bila ya usingizi na chakula cha maana. Nyumba ambayo kanuni hizi zimebaki, mtoto hulala mapema, hula samaki na mboga na matunda, hunywa maji. Nyumba ambayo zimesahauliwa, mtoto hunywa soda na chai ya sukari vijiko vinne, hula viazi vya kukaanga barabarani, na hulala saa sita za usiku wakati wakubwa wakitazama mpira.

Mfano tunaoujua sote hapa Kenya ni ule wa mzee Noah Wanyama, aliyechezea klabu ya AFC Leopards. Mwanawe MacDonald Mariga alifika Inter ya Milan, na mwaka 2010 alikuwa katika kikosi kilichotwaa kombe la mabingwa wa Ulaya. Mwanawe mwingine, Victor Wanyama, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, mwaka 2013. Na binti yake Mercy aliingia katika mpira wa kikapu. Angalieni: binti hakuufuata mchezo wa baba yake, bali aliufuata mwendo wa nyumba ile. Nyumba ilikuwa ni nyumba ya watu wanaocheza, na kila mmoja akaokota wake.

Nami siutoi mfano huu ili kila baba atamani mwanawe aende Ulaya. Katika watoto elfu wanaocheza hatoki hata mmoja wa kusifiwa magazetini. Makusudio yetu ni mwili wenye afya, utakaoweza kusimama katika ibada, kuchuma riziki ya halali, na kumsaidia jirani. Imepokewa na Muslim kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na ni mwenye kupendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kwamba katika wote wawili mna kheri.

KADIRI YA MTOTO MDOGO

Tulisema kuwa kila farasi alipewa masafa yake. Mtoto naye ana masafa yake. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wasiotimiza miaka 5, nao ni huu kwa muhtasari.

Mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 apate kutikisa mwili kwa jumla ya dakika 180, yaani saa 3, katika siku nzima. Si kwa mara moja, bali kidogo kidogo, kwa kutembea, kukimbia, kupanda na kuruka. Akifika miaka 3, katika hizo saa 3 iwemo saa 1 ya harakati za nguvu zinazomfanya apumue kwa kasi.

Mtoto asifungwe mahali pamoja, kitini au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo.

Televisheni na simu haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 2. Kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora.

Na usingizi: mtoto wa mwaka 1 na 2 alale saa 11 mpaka 14 katika mchana na usiku, na wa miaka 3 na 4 alale saa 10 mpaka 13.

Mtoto akiingia miaka 5 na kuendelea, kadiri yake ni wastani wa dakika 60 kwa siku za harakati za kati na za nguvu. Haya yalithibitishwa katika mwongozo wa mwaka 2020.

Basi ewe baba, mwanao wa miaka mitano anayetweta baada ya hatua ishirini, kwanza mpeleke kwa daktari atazame kifua chake na damu yake, maana kutweta huenda kukawa ni ugonjwa, na kupuuza ugonjwa wa mtoto ni kuvunja amana. Akiambiwa hana ugonjwa, jihesabie mwenyewe: jana alipata dakika ngapi katika hizo?

MAKOSA YETU SISI WAZAZI

Sasa tuyataje makosa, kwani dawa haitolewi mpaka ugonjwa umetajwa.

Kosa la kwanza ni kuishi kwa sifa za kale. Utamkuta mtu barazani yuasimulia bao alilolitia zamani, na mwanawe amekaa pembeni anatafuna mabuyu. Sifa hiyo haimfai mtoto kitu. Imfaayo ni ile nusu saa ambayo baba yake angeinuka.

Kosa la pili ni kudhani kuwa kutazama mchezo ni kucheza. Tumekuwa watu wa kujua majina ya wachezaji wa London na Madrid kuliko majina ya maimamu wetu, na hali sisi wenyewe hatuwezi kukimbia kutoka nguzo hii mpaka ile. Na ubaya ukazidi pale kutazama kulipoambatana na kamari katika simu. Kamari ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, na mtoto anayemwona baba yake akishangilia mchezo kwa ajili ya pesa aliyoiweka, hajifunzi mchezo, hujifunza kamari.

Kosa la tatu ni la wale wanaowalazimisha watoto watimize wasiyoyatimiza wao. Baba hakufika alipotaka kufika, basi humbebesha mtoto wa miaka sita mzigo wa mtu mzima, akamtukana mbele ya wenziwe akikosa mpira. Huyu amempa farasi asiyeandaliwa masafa ya Hafya. Mtoto huyo ataacha mchezo, na huenda akamchukia na aliyemfundisha.

Kosa la nne ni kuwafungia mabinti. Husemwa kuwa kukimbia na kuruka ni tabia ya wavulana. Hoja hiyo haina msingi. Bibi Aisha r.a. alikimbia. Binti wa miaka mitano ana moyo na mapafu kama nduguye, na kesho yeye ndiye mama ambaye watoto wake watamwiga. Na akikua, stara yake ina mahali pake na ina njia zake. Stara haikuja kumlemaza.

Kosa la tano ni kuona kuwa mtoto mnene ndiye mtoto aliyetunzwa. Bibi zetu walipitia miaka ya njaa, wakaona kunenepa ni neema, na tunawaelewa. Lakini leo watu wengi wa pwani yetu wanaugua kisukari na shinikizo la damu, na mtoto anayekua na unene mwingi na kuketi kwingi huelekezwa katika njia hiyo hiyo.

Kosa la sita ni kusema kuwa sala tano zatosha kuwa mazoezi. Ndugu zangu, sala ni ibada, husaliwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wala haikufaradhiwa iwe badala ya mbio. Mwili una haki yake mbali. Mtume s.a.w. alimkumbusha Abdallah bin Amr r.a., aliyekuwa akijitaabisha kwa kufunga na kusimama usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki juu ya mchamungu huyo, je, hauna haki juu ya mwanao asiyeweza kujidaia?

YALIYONIFIKA MIMI MWENYEWE

Niliahidi kutaja kwa nini sikucheka.

Baba yangu alikuwa mtu wa bahari. Hakusoma sana, lakini alijua kuogelea na kupiga kasia kuliko wenziwe. Tangu nina miaka minne alikuwa akinichukua ufuoni kila maji yalipojaa jioni, akanishika tumboni kwa kiganja chake, akaniambia nipige miguu. Siku moja akakiondoa kiganja asiniambie, nami nikawa ninaelea sijui. Hiyo ndiyo furaha ya kwanza ninayoikumbuka duniani.

Kisha nikaenda kusoma, nikavaa joho, nikapewa watu wa kuwafundisha. Nikaona kuwa mtu wa cheo changu hafai kuonekana na suruali iliyorowa maji. Mwanangu akazaliwa, akakua, akafika miaka sita. Nikamfundisha Juzuu Amma, namshukuru Mwenyezi Mungu. Baharini sikumpeleka hata siku moja.

Katika sikukuu moja tulikwenda mandari na jamaa zetu wote. Watoto wakaingia majini. Mwanangu akakaa mkekani na simu ya mama yake. Babu yake akamwita waende naye. Mtoto akanishika kanzu, akatetemeka, akalia, akasema maji yatamla. Watoto wa umri wake wakamcheka. Baba yangu hakunisemeza mbele ya watu. Tulipokuwa twarudi ndipo aliponiambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, mimi nilikuwa sina elimu ya kukupa, nikakupa bahari. Wewe umepewa elimu, na bahari umeiweka wapi?"

Sikuwa na jawabu. Mtoto aliyezaliwa kisiwani, babu yake ni mwogeleaji, baba yake ni mwogeleaji, na yeye anaogopa maji. Mnyororo ulikatika mikononi mwangu mimi, wala si mikononi mwa mtu mwingine. Na hatari yake haikuwa ya kuchekwa tu. Mtoto wa pwani asiyejua kuogelea, siku atakapoteleza gatini nani atamwokoa?

Juma lililofuata nikavua joho nikaenda naye. Siku tatu za kwanza hakuvuka maji ya magotini. Sikumlazimisha. Tulikaa tu, maji yakatupiga miguu, tukatafuta kaa. Babu yake akaja siku ya nne. Ilituchukua miezi mitatu mpaka kiganja kikaondolewa. Na katika miezi hiyo mambo mengine yakabadilika bila ya amri yangu: mtoto akawa analala baada ya Isha kwa kuchoka, akala wali na samaki bila ya kubembelezwa, na simu akaisahau. Nami mwenyewe, ambaye daktari alikuwa amekwisha kunionya juu ya shinikizo la damu, nikaanza kupanda ngazi za msikiti bila ya kusimama njiani. Watu wengine walinisema. Wakasema sheikh amekuwa mtoto. Nikawaambia kuwa Mtume s.a.w. alipanda mjukuu wake mgongoni mwake naye amesujudu, akairefusha sijida asimharakishe. Basi mimi ni nani?

YA KUFANYA

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, na kila mzazi asomaye, nawausia mambo haya machache.

Inuka wewe kwanza. Usimwambie mtoto "nenda ukacheze", mwambie "twende". Nusu saa baina ya Alasiri na Magharibi yatosha kuwa mwanzo.

Mwende msikitini kwa miguu penye njia ya salama. Twapanda tuktuk kwa masafa ya kutupa jiwe, na katika kila hatua ya kwendea sala mna thawabu tunayoipoteza.

Mfundishe mchezo unaoujua. Ukijua mpira, mpira. Ukijua kuogelea, mfundishe maji madogo kwanza, nawe uwe karibu ya mkono, wala usimwache majini peke yake hata kwa dakika moja. Ukiwa hujui lolote, iko kamba ya kuruka, uko mdako, iko tiara ya kurusha, ziko mbio; haya hayataki mwalimu wala fedha. Lamu mpaka leo watu hushindana kwa punda, kwa majahazi na kwa kuogelea, na watoto hukua wakiyaona hayo wakayatamani. Hayo ni katika mema yetu ambayo haifai kuyaacha.

Safisha meza yako. Usimkataze mtoto soda na hali chupa yake i mbele yako.

Na uwaadhimishe wazee. Mtoto ambaye baba yake hana nafasi, huenda babu yake anayo. Mzee aliyekuwa mchezaji au baharia ana khazina, naye hangoji ila kuulizwa.

Mwisho, tusisahau kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa kama tulikuwa mabingwa. Tutaulizwa juu ya hawa wadogo waliowekwa mikononi mwetu, tuliwafanyia nini.

MASWALI YA DARSA

1. Kwa nini Mtume s.a.w. aliwataja watu wa Aslam kwa baba yao, na je, aliwataka watosheke na sifa yake?

2. Katika njia nne za kurithisha, ni ipi isiyo mikononi mwetu, na ni zipi zilizomo mikononi mwetu?

3. Mwanao jana alipata dakika ngapi za kukimbia, na ngapi za simu? Andika hesabu yenyewe, uje nayo darsani.

4. Ni jambo gani baba yako au mama yako alikufundisha kwa mwili wake, ambalo wewe hujamfundisha mwanao?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya katika miili yao na nuru katika nyoyo zao, na atujaalie sisi tuwe viigizo vyema kwao. Amin.